Life of Brian: Muvi Iliyowacheka Wafuasi, Ikasemwa Imemcheka Yesu

Kuna muvi za vichekesho unaangalia leo, kesho hukumbuki hata jina la steringi. Halafu kuna Monty Python's Life of Brian, ya Waingereza, iliyotoka mwaka 1979. Imeshapita miaka zaidi ya 40, lakini itaje tu mbele ya watu watatu wa kanisani: mmoja atanuna, mmoja atacheka mpaka afute machozi, na wa tatu atauliza kama ni kweli inamtukana Yesu. Ajabu ni kwamba yule aliyenuna mara nyingi hajaiangalia. Na muvi yenyewe inahusu watu wa namna hiyohiyo, wanaopigania kwa nguvu zote jambo ambalo hawakulisikia vizuri.

Kwa asiyeijua, stori ni hivi. Brian anazaliwa usiku uleule aliozaliwa Yesu, kwenye zizi la jirani. Mamajusi wanakosea mlango, wanasujudu, wanatoa dhahabu na manukato yao, wanaaga. Dakika mbili baadaye wanagundua wamepotea, wanarudi wanampokonya mama wa watu zawadi zote na kuhamia zizi la pili. Brian anakua. Anauza vitafunwa vya ajabuajabu kwenye uwanja wa michezo wa Warumi, anampenda binti mwanaharakati anayeitwa Judith, anaingia kwenye kikundi cha kuwapinga Warumi. Siku moja akiwakimbia askari anadondoka kutoka juu, puu, katikati ya wahubiri wa mtaani. Ili asishtukiwe naye anajifanya anahubiri. Anaokoteza maneno, watu wanasogea. Askari wakishapita anakatisha sentensi katikati ili aondoke zake, na hapo ndo anajiponza. Umati unaamini amewaficha siri ya uzima. Toka hapo hana pa kujificha. Akisema yeye si Masihi, wanamjibu kwamba Masihi wa kweli ndiye pekee anayeweza kukataa hivyo. Sasa utashindana vipi na watu kama hao?

Na Yesu je, yumo? Yumo, kwa muda mfupi sana, na hapo ndipo wengi hawajui. Anaonyeshwa akihubiri mlimani, kwa upole, na zile heri zinazofahamika na kila aliyesoma Injili. Hakuna utani wowote juu yake. Halafu kamera inarudi nyuma taratibu, inapita vichwa vya watu mia kadhaa, mpaka kwa wale waliosimama mwisho kabisa ambao hawasikii kitu. Mmoja anasikia kwamba wamebarikiwa watengeneza jibini, maana kwa Kiingereza neno hilo na lile la wapatanishi yanakaribiana mlio. Badala ya kucheka, jamaa mmoja anayejifanya msomi anafafanua kwamba haikukusudiwa jibini tu, bali wote wanaoshughulika na mazao ya maziwa. Pembeni yao watu wanarushiana maneno kuhusu pua kubwa ya mtu, na ngumi zinaanza kutembea. Yaani mahubiri ya amani yanaendelea mbele, nyuma watu wanatwangana.

Muvi nzima imekaa ndani ya kipande hicho. Mhubiri yuko sawa, ujumbe uko sawa. Shida imeanzia kwenye masikio, ikakua kwenye midomo ya wafasiri.

Waliotengeneza muvi hii walikuwa kundi la watu sita: Graham Chapman, John Cleese, Terry Gilliam, Eric Idle, Terry Jones na Michael Palin. Walianza kuwika mwaka 1969 kwenye kipindi chao cha BBC, na mwaka 1975 wakatoa muvi ya kumtania Mfalme Arthur. Baada ya hapo wazo la kwanza lilikuwa kweli kumfanyia Yesu mzaha. Wenyewe wamesimulia mara nyingi kwamba walikaa wakasoma Injili, wakasoma na historia ya zama zile, wakakubaliana kwamba kwenye mafundisho yake hapakuwa na la kucheka. Cha kucheka kilikuwa kwa watu waliomzunguka, na waliokuja baada yao. Ndo akazaliwa Brian.

Pesa zilikaribia kuizika. Kampuni ya EMI ilikuwa imekubali kugharamia, lakini mwaka 1978 bosi wake aliposoma kilichoandikwa alishtuka, akajitoa siku chache tu kabla watu hawajapanda ndege. Aliyeokoa jahazi ni George Harrison, yule mpiga gitaa wa Beatles. Aliweka rehani nyumba yake, akaanzisha kampuni ya HandMade Films pamoja na meneja wake, zikapatikana kama dola milioni 4. Sababu aliyoitoa ilikuwa rahisi: alitaka kuiona muvi hiyo. Ikaja kuitwa tiketi ya sinema ya bei ghali kuliko zote duniani. Na Harrison hakuwa mpinga dini. Alikuwa mtu wa sala, mfuasi wa imani ya Kihindu anayemwimba Krishna hadharani. Aliyehatarisha paa la nyumba yake kwa ajili ya muvi iliyoitwa kufuru alikuwa mcha Mungu.

Walipiga picha Tunisia, hasa mji wa Monastir, na wakatumia baadhi ya majengo yaliyoachwa na Franco Zeffirelli alipotengeneza Yesu wa Nazareti ya mwaka 1977. Kwa hiyo kuta anazokimbilia Brian ni zilezile alizopita Yesu wa kwenye televisheni. Chapman, aliyeigiza Brian, alikuwa mlevi kweli kweli kabla ya hapo. Aliacha pombe ili aimudu kazi, na kwa kuwa alisomea udaktari, jioni alikuwa akiwatibu wenzake waliougua kambini.

Tukiacha dini, upande wa siasa nao umeshiba. Kikundi alichojiunga Brian kinaitwa, kwa tafsiri ya haraka, Umoja wa Wananchi wa Yudea. Adui yao ni Warumi, lakini wanaowachukia kutoka moyoni ni Umoja wa Yudea wa Wananchi. Kuna na kikundi cha tatu ambacho kimebaki na mwanachama mmoja, mzee anayekaa peke yake. Usiku wanapokwenda kumteka mke wa Pilato, wanakutana na wenzao wa kikundi kingine waliokuja na mpango huohuo. Badala ya kushirikiana wanauana palepale, na walinzi wa Kirumi wamesimama wanaangalia tu. Kazi nyingine yote ni vikao. Hoja inatolewa, inaungwa mkono, inapitishwa, kikao kinafungwa. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi iliyogombana mpaka wiki ya mwisho anawajua hawa watu kwa majina.

Watu hucheka wakidhani ni chumvi. Sivyo. Mwanahistoria Myahudi Flavius Josephus, aliyeishi karne hiyohiyo ya kwanza, ameeleza jinsi Yerusalemu ulivyozingirwa na Warumi mwaka 70. Ndani ya kuta, makundi ya wapiganaji wa Kiyahudi yalikuwa yakipigana yenyewe kwa yenyewe mpaka akiba ya nafaka ya mji ikateketezwa kwa moto. Njaa ikaua watu wengi mno, mji ukaanguka, Hekalu likachomwa. Kwenye muvi ni kichekesho cha dakika chache. Kwenye historia ni maiti barabarani.

Josephus anawataja pia watu waliokusanya umati kwa ahadi za miujiza. Mmoja, Theuda, alisema atautenga mto Yordani. Mwingine, aliyejulikana tu kama Mmisri, aliwapandisha watu Mlima wa Mizeituni. Wote wawili wametajwa hata kwenye Matendo ya Mitume. Yaani zama zile Brian mmoja hakuwa ajabu, waliokuwa wanamtafuta Masihi walikuwa wengi.

Halafu kuna kile kipande maarufu kuliko vyote. Kiongozi wa kikundi anauliza kwa jazba Warumi wametufanyia nini sisi. Anategemea ukimya. Mmoja ananyoosha mkono: mfereji wa maji. Mwingine: usafi wa mji. Mwingine: barabara. Orodha inanoga, shule, dawa, mvinyo, amani, mpaka kiongozi anabaki kuuliza tena swali lake akitoa hayo yote pembeni.

Ni kichekesho safi, lakini kina mfupa ndani. Huo mfereji wa maji upo kwenye historia. Josephus anasema Pilato aliujenga kwa fedha takatifu za Hekalu. Watu walipoandamana, aliwachanganya askari waliovaa kiraia ndani ya umati, wakatoa marungu, wakaua. Ubishi wenyewe nao ni wa zamani. Talmud ya Babeli ina simulizi ya marabi waliokaa kuzungumzia Warumi. Mmoja akawasifu kwa masoko, madaraja na mabafu. Shimoni bar Yochai akajibu kwamba yote waliyafanya kwa faida yao, na madaraja ni ya kukusanyia ushuru. Maneno yakafika serikalini, akahukumiwa kifo, akaishi mafichoni pangoni kwa miaka.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa zaidi. Ni ubishi wa vijiweni kila siku: mkoloni alituletea reli, shule, hospitali. Reli ya kutoka Mombasa ilianza kujengwa 1896 na ikafika Ziwa Victoria 1901, hilo halina ubishi. Lakini kodi ya kibanda iliwatoa jasho nani, na pamba na kahawa vilipakiwa kwenda wapi? Muvi haiulizi hivyo. Imetengenezwa na Waingereza, vijana wa taifa lililokuwa limetoka kupoteza himaya yake, na kwenye kipande hicho mkoloni anaondoka na ushindi. Anayecheka London na anayecheka Nairobi hawachekei kitu kilekile. Hilo nalo lisemwe.

Basi bwana, muvi ikatoka Marekani mwezi wa Agosti 1979. New York ikawa timbwili. Marabi waliandamana, Wakatoliki wakaandamana, Waprotestanti wakaandamana. Watu ambao kwa kawaida hawapatani kwa lolote wakapatana kwa muda kumpinga Brian. Novemba ikaingia Uingereza. Kule halmashauri za miji zilikuwa na mamlaka ya kuzuia muvi, na 39 hivi ama ziliipiga marufuku au ziliipandishia umri wa watazamaji. Baadhi ya waliopiga marufuku hawakuwa hata na ukumbi wa sinema kwenye eneo lao. Ireland iliizuia mpaka 1987. Norway nayo iliifungia kwa muda, na jirani zao Sweden wakaona biashara: wakaitangaza kama muvi inayochekesha kiasi kwamba Norway wameipiga marufuku. Ukitaka kitu kiuzwe, kikataze.

Novemba 9, 1979, BBC ikaandaa mdahalo. Upande mmoja Cleese na Palin, upande wa pili mwandishi mkongwe Malcolm Muggeridge na Mervyn Stockwood, askofu wa Southwark. Muongozaji alikuwa Tim Rice, ambaye mwenyewe ndiye aliyeandika mashairi ya Jesus Christ Superstar. Vijana walikuja wamejiandaa kujenga hoja. Wazee walikuja na dharau. Askofu, msalaba mkubwa kifuani, alimaliza kwa kuwaambia watapata vipande vyao 30 vya fedha, yaani aliwafananisha na Yuda. Palin, mtu anayesifika kwa upole, alionekana wazi amekasirika.

Baadaye ikafahamika kwamba wazee wale wawili walichelewa kwenye onyesho walilopangiwa kabla ya mdahalo, wakakosa kama dakika 15 za mwanzo. Dakika hizo ndizo zinazoonyesha zizi mbili tofauti, na Yesu akihubiri mlimani kwa heshima. Ndo maana waling'ang'ania kwamba Brian ni Yesu aliyebadilishwa jina. Walisimama nyuma kabisa ya umati, hawakusikia, wakafasiri. Hata mtunzi wa muvi asingethubutu kubuni mwisho kama huo.

Pamoja na hayo, kuna jambo moja ambalo wazee wale walikuwa na haki ya kuuliza, nalo ni msalaba. Muvi inaisha na Brian ametundikwa, na kando yake mstari mrefu wa waliotundikwa wenzake, wanaimba na kupiga mluzi. Kwa mtu ambaye kila Ijumaa Kuu hupiga magoti mbele ya msalaba, picha hiyo inachoma, na maumivu yake si ujinga. Kumwambia ni mzaha tu ni kumvunjia heshima.

Jibu la watengenezaji ni kwamba Warumi hawakumsulubisha mtu mmoja. Ilikuwa adhabu ya kawaida kwa watumwa na waasi. Baada ya uasi wa Spartacus, mwaka 71 kabla ya Kristo, watu 6,000 hivi walitundikwa kando ya barabara ya kwenda Roma. Hao 6,000 hawana nyimbo wala sikukuu. Ukiitazama hivyo, ule mstari wa misalaba unaacha kuwa dhihaka kwa mmoja na unakuwa ukumbusho wa wengi. Kila mtu atapima mwenyewe kama jibu hilo linamtosha.

Linalouma zaidi pale msalabani ni jingine. Brian anapotundikwa, wenzake wa kikundi wanakuja. Anadhani wamekuja kumshusha. Kumbe wamekuja na tamko. Wanalisoma, wanampongeza kwa kujitoa mhanga, wanamwimbia kidogo, wanaondoka. Kikundi kingine kinakuja mbio kumwokoa, kikifika kinajiua chenyewe mbele yake kama ishara ya kupinga. Mama yake anakuja kumgombeza. Hata Judith anamshukuru kwa ushujaa na kumwacha palepale. Wote wanampenda, na hakuna anayeshika nyundo kung'oa msumari mmoja. Jina la shujaa lina faida kwao kuliko shujaa akiwa hai. Hapo kicheko kinakwama kooni.

Muvi ina kasoro zake. Utani wa Pilato asiyeweza kutamka herufi fulani unarefushwa mpaka unachosha, na kumcheka mtu kwa ulimi wake si jambo la kujivunia. Wanawake wana nafasi finyu, wengi wao ni wanaume waliovaa magauni, akiwemo Terry Jones mwenyewe, ambaye ndiye muongozaji na ndiye mama yake Brian. Judith aliigizwa na Sue Jones-Davies, Mwelshi aliyekuja kuwa meya wa mji wa Aberystwyth. Mwaka 2009 ilionyeshwa mjini kwake, Jones na Palin wakahudhuria.

Lakini umati ule unafidia vyote. Brian akiwakimbia anadondosha kiatu, na mkononi ana kibuyu alichopewa. Papo hapo wanagawanyika: hawa wanafuata kiatu, wale wanafuata kibuyu, wengine wanabishana kama kiatu kivaliwe au kikusanywe. Madhehebu yamezaliwa ndani ya dakika moja. Mzee mmoja aliyekaa kimya shimoni miaka 18 anasema yeye hamwamini Brian, wanambeba juujuu kama kafiri. Kesho yake asubuhi Brian anafungua dirisha akiwa kama alivyozaliwa, anawakuta wamejaa nje. Anawaambia hawahitaji kumfuata yeye wala mtu yeyote, kila mmoja ana akili yake. Wanaitikia kwa sauti moja kwamba ndiyo, kila mmoja ana akili yake. Sauti moja tu ndogo inasema yenyewe haina, na wenzake wanamnyamazisha.

Hii si hoja ya kumkana Mungu. Mwenye imani anaweza kuiona kama onyo alilolisikia hata kanisani au msikitini: usimwabudu mhubiri, usiuze akili yako kwa anayepaza sauti, usimpige jiwe mtu kwa kosa usilolielewa. Bendera hufuata upepo, lakini binadamu si bendera. Aliyechekwa kwenye muvi hii si aliyehubiri mlimani. Amechekwa aliyesimama nyuma, hakusikia, na hakutaka kumwambia jirani yake kwamba hakusikia.

Wimbo wa pale mwishoni, uliotungwa na Eric Idle, nao ulipata maisha yake. Mwaka 1982, kwenye vita vya Falklands, mabaharia wa meli ya HMS Sheffield iliyopigwa kombora waliuimba wakisubiri kuokolewa. Chapman alipofariki mwaka 1989, wenzake waliuimba kwenye ibada ya kumkumbuka. Mwaka 2012 Idle aliuimba kwenye kufunga Olimpiki za London, dunia nzima ikitazama. Kwa walioimba kwenye meli inayoungua, haukuwa tena wimbo wa kukejeli chochote.

Anayetaka kuiangalia aiangalie watoto wakiwa wamelala, maana matusi yamo na mwili umeachwa wazi. Anayeona itamjeruhi imani yake ana haki ya kuiacha, na asichekwe kwa hilo. Ila mwenye kutaka kuihukumu aanze na jambo dogo tu: awahi, asikose zile dakika 15 za mwanzo.